UZI: Kuchora ramani ya laini za treni za mjini isomeke na isidanganye watu (Dar, Nairobi, hadi Dubai)

Mchora_Reli (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kila treni ya mjini ikitajwa humu watu wanaanza kuulizana inapita wapi, inaungana na ipi, mtu anajibu aya tatu na bado hajaeleweka, wakati mchoro wa mistari minne ungemaliza kazi. Michoro ipo mitandaoni ila mingi ni ya aina mbili: kuna ya mtu aliyechukua picha ya setilaiti akapitisha mstari mwekundu juu yake, vituo vya katikati ya mji vimerundikana huwezi kusoma jina hata ukuze vipi, na kuna ya mtu aliyenyoosha mistari vizuri, rangi tamu, ila kaunganisha reli ambazo hazijawahi kugusana tangu ziwekwe. Huyu wa pili ndiye hatari, na ndiye aliyenifanya nifungue uzi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwenye mchoro wa laini ya treni, umbali unaruhusiwa kuudanganya, kona unaruhusiwa kuzinyoosha, ila mfuatano wa vituo na wapi reli inaungana na wapi haiungani hapo huna ruhusa ya kugusa. Abiria akishakaa (au akishaning'inia, maana treni zetu tunazijua) hana habari kama reli imepinda kulia au kushoto. Anataka kujua ni kituo cha ngapi, ashuke wapi, na akishuka apande nini.

Hili walilishughulikia London zamani. Ramani zao za mwanzo zilifuata jiografia halisi, katikati ya mji vituo vimebanana, halafu laini za nje ya mji zinakula karatasi bure. Akatokea Harry Beck, alikuwa mchoraji kwenye ofisi ya signo, mwaka 1931 akachora ya kwake: mistari inalala, inasimama au inakwenda digrii 45 basi, katikati ya mji kapapanua, nje kapabana, na kwa vitu vya juu ya ardhi kaacha mto Thames tu. Mwanzoni walimkatalia wakaona imezidi. Januari 1933 ikachapishwa ya mfukoni na watu wakaigombania. Leo karibu kila mji wenye metro duniani unachora kwa mtindo huo au mtoto wake.

Sasa tuje nyumbani. Dar tuna reli za upana wa aina tatu: ya kati ya zamani ni milimita 1,000, TAZARA (ya kwenda Zambia) ni 1,067, SGR (ile mpya) ni 1,435. Tofauti ya milimita 67 kwa macho huioni, ila behewa linaiona. Treni ya TRC (shirika lenye ile reli ya kati) haiwezi kuingia reli ya TAZARA hata uisukume. Kwa hiyo ile treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo watu waliita treni ya Mwakyembe (waziri wa uchukuzi wa wakati ule), ukweli ilikuwa treni mbili tofauti: moja inatoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kupitia Kamata, Buguruni na Tabata, nyingine inatoka TAZARA kwenda Mwakanga. Hazikutani. Halafu unakuta mchoro umezichora kama herufi Y, shina moja matawi mawili! Mgeni akiusoma ule ataenda kukaa TAZARA akisubiri treni ya Ubungo hadi aote mizizi.

Nataka tuchore ya kwetu ya pamoja. Nimeshaanza Dar kwenye Inkscape (programu ya kuchorea). Wenye Nairobi na kwingine karibuni, wenye ujuzi wa usanifu karibuni zaidi.

Dada_Kipunguni

Nimeweka kambi hapa. Sisi wa Kipunguni B tumezoea kusahauliwa kwenye hizo ramani, mara nyingi wanaandika TAZARA halafu mshale halafu Mwakanga, katikati kama vile hakuna watu.

Mchora_Reli

Dada angu wewe ndiye nakutafuta. Tupangie vituo kwa mfuatano kutoka TAZARA, kwa majina mnayoyaita nyie na sio ya kwenye makaratasi.

Dada_Kipunguni

Ntakupangia vizuri nikitulia, usinikimbize. Ila kuna Kwa Fundi Umeme, Yombo, Maputo, Mtongani, Kwa Limboa, Lumo, Sigara, Barabara ya Kitunda, sisi Kipunguni B, kisha Majohe, Magengeni, ndio Mwakanga. Uhakikishe na mtu mwingine maana mimi huku kwetu nakujua kuliko kule mwanzo.

mtu_wa_githurai

Wasee wa Dar mmeamka. Huku Nairobi shida ni ingine kabisa. Laini zote zinatoka Nairobi Central kama vidole. Upande wa magharibi iko moja ya kwenda Kikuyu kupitia Kibera na Dagoretti, hiyo ni rahisi, haina maneno. Upande wa mashariki ndio kuna kizaazaa: ya Syokimau inapitia Makadara na Imara Daima, ya Embakasi Village inapitia Makadara halafu Donholm na Pipeline, na yetu ya Ruiru pia inapitia Makadara halafu Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa. Sasa kutoka Central hadi Makadara unachora aje? Ukichora mistari mitatu ya rangi tatu imelala pamoja mtu anadhani kuna reli tatu. Ukichora mmoja, mtu wa Githurai hajui treni yake ni gani.

Alafu kitu kingine, hizi treni nyingi asubuhi zinaleta watu town, jioni zinarudisha. Saa sita mchana hakuna kitu. Ramani inaonyesha laini nono ya rangi mzuri, mgeni anaenda stesheni adhuhuri anakaa hapo na mkate wake. Si huo pia ni uongo buda?

Mchora_Reli

Kaka hapo umegusa kitu kikubwa sana na watu wengi wanachanganya. Kuna mchoro wa RELI na kuna mchoro wa HUDUMA. Wa reli unaonyesha chuma kilipolala. Wa huduma unaonyesha treni inayotoka hapa inaishia wapi. Ni michoro miwili, na kabla hujagusa kompyuta lazima useme unachora upi, maana ukianza kuchanganya ndio hapo unapata ramani yenye rangi tatu kwenye reli moja na msomaji hajui rangi ni chuma au ni treni.

Kwa abiria chora huduma. Central hadi Makadara weka mistari mitatu imegusana kabisa bila nafasi nyeupe katikati, na stesheni ya Makadara iwe kidude kimoja kirefu kinachokata mistari yote mitatu. Ile kugusana ndio inamwambia mtu hizi zinakwenda njia moja. Ukiacha nafasi nyeupe ndio ataona reli tatu. New York wanafanya hivyo kwenye mchoro wao wa mistari mingi, kila treni na mstari wake na imebanana kama tambi.

Hiyo ya saa: laini inayofanya kazi asubuhi na jioni tu isiwe nono sawa na inayotembea kutwa. Chora mistari miwili myembamba na katikati peupe, rangi ileile. Na kwenye ufunguo uandike wazi "asubuhi na jioni tu". Usiandike kinyota halafu maelezo chini kwa maandishi ya mchwa, hakuna anayesoma.

Babu_wa_Relini

Vijana nawasalimu.

Mchora_Reli

Shikamoo babu.

Babu_wa_Relini

Marahaba. Mimi nimekula chumvi nyingi relini, nawaambia hayo ya huduma ni ya abiria, sawa, lakini msidharau mchoro wa reli. Sisi kazini mchoro ulikuwa mstari mmoja umenyooka kutoka juu hadi chini ya karatasi, hauna kona hata moja, pembeni kilometa, na kila kitu kinaandikwa kwenye kilometa yake: daraja, kivuko cha barabara, njia ya kupishania, signo. Huo ndio mchoro wa ukweli kuliko yote ingawa haufanani na ardhi. Dereva haulizi reli imepinda kwenda kaskazini au kusini, anauliza kilometa ngapi kuna nini.

Na hilo la upana wa reli kijana umesema vizuri, ongeza na Kidatu. Reli ya mita inatoka Kilosa inafika Kidatu, na TAZARA inapita pale. Kwenye ramani zenu za setilaiti mnaona zimekutana, mnafurahi, mnaunganisha. Pale mzigo unashushwa huku unapakiwa kule! Behewa halivuki. Ukichora doti moja pale bila alama ya kuhamisha mzigo unamdanganya mfanyabiashara.

Pikseli

Babu hapo kwenye mstari mmoja umenyooka umenikumbusha michoro ya pembeni ya makala za Wikipedia, ile iliyosimama wima kulia. Ile ndio mtoto wa huo mchoro wako wa kazini. Inajengwa kwa vigae vidogo, kila kigae ni picha ya mraba, unavipanga juu kwenda chini, na kila kimoja kina msimbo wake. Misimbo imetoka kwenye vifupisho vya Kijerumani ndio maana wengi wanaikimbia, ila ukijua kumi tu unachora reli yoyote duniani.

STR ni reli tupu. BHF stesheni. HST kituo kidogo cha kusimama tu. KBHFa stesheni ya mwanzo, KBHFe ya mwisho. ABZ ndio familia ya matawi, unaongeza herufi kuonyesha tawi linakwenda upande gani. KRZ ni reli mbili kukatana, halafu ukiongeza o au u unasema ipi imepita juu na ipi chini. Ukiweka t reli inaingia handaki, ukiweka h inapanda juu ya nguzo, ukiweka u mbele rangi inageuka bluu maana yake ni metro au tramu, ukiweka ex mbele rangi inafifia maana yake haitumiki tena.

Sasa angalieni tofauti ya ABZ na KRZ. Kwenye skrini ya simu tofauti ni kipinda cha pikseli chache tu, ila ABZ inasema treni inaweza kugeukia hapa na KRZ inasema zinapishana tu kila mtu na safari zake. Ndio uongo ule wa mleta uzi unapozaliwa. Mtu anakosa kigae sahihi anaweka kinachofanana.

Mchora_Reli

Pikseli nakuwekea kiti cha mbele. Hebu kwa laini ya Stesheni hadi Ubungo ungepanga vipi?

Pikseli

Kwa haraka haraka, juu kwenda chini, vituo vyote sijaviweka:

KBHFa Stesheni
HST Kamata
HST Buguruni
HST Tabata
KBHFe Ubungo Maziwa

Mahali tawi la Ubungo linapoachana na reli ya kati ya kwenda Pugu unaweka ABZ, na reli ya kati unaiacha iendelee pembeni kwa STR hadi chini na mshale, kwa sababu ukiikata pale msomaji anaona kama reli ya kati imeishia Dar. Hiyo ni kasoro nyingine iliyojaa, mtu anachora tawi lake analolipenda anasahau mti.

Na Stesheni mwandikie pembeni "SGR hapo jirani" na alama ya mtu anayetembea. Usimwekee doti moja na SGR. Ni majengo mawili, milango miwili, tiketi mbili.

mtu_wa_githurai

Hapo hata sisi. Nairobi Central ni ya zamani iko town. Nairobi Terminus ya SGR iko kule Syokimau. Mgeni anasoma "Nairobi" anadhani ni moja. Na Syokimau yenyewe iko stesheni ya treni ya mtaa iliyofunguliwa 2012, na Terminus imekuja 2017, si jengo moja. Treni ya kutoka town inakuletea abiria wa SGR, so ni lazima uchore hiyo connection lakini uichore kama kuhama, si kama kuendelea. Ukitoka Mombasa huwezi baki kwa siti ukifikiria itakuleta hadi town.

Mchora_Reli

Kwenye michoro mingi ya nje kuhama ndani ya jengo moja wanachora duara jeupe lenye mpaka mweusi, kuhama kwa kutoka nje wanachora maduara mawili yaliyounganishwa na kijistari, wengine kijistari cha vidoti. Sisi tuchukue ya vidoti kwa sababu karibu zote zetu ni za kutoka nje. Na tuandike dakika za kutembea, tukishazipima kwa miguu na sio kwa simu. Simu inakupitisha juu ya ukuta.

Deira_Boy

Salam kutoka Dubai. Huku metro ni laini mbili, Nyekundu ilifunguliwa 9/9/2009 na Kijani 9/9/2011. Utasema laini mbili zina ugumu gani kuchora. Zina. Zinakutana MARA MBILI, Union na BurJuman, na katikati ya hapo kuna Khor, ule mkono wa bahari. Nyekundu inavuka chini ya maji kati ya Union na BurJuman, Kijani inazunguka inavuka mbele zaidi kati ya Al Ras na Al Ghubaiba. Sasa kama mchoro hauna maji mtu anajiuliza kwa nini hawa wameachana halafu wakarudiana, anaona mchoraji kalewa. Ukichora maji tu, kipande kimoja cha bluu mpauko, kila kitu kinakaa sawa, unaona huku Deira huku Bur Dubai. Kwa hiyo nakubaliana na huyo mzungu wa London, maji yaachwe.

Shida yetu kubwa ni majina. Stesheni huku majina yanauzwa kwa makampuni. Rashidiya imekuwa Centrepoint. Dubai Marina ikawa DAMAC ikawa Sobha Realty. Mtu kaja 2010 anakwambia tukutane Rashidiya, kijana wa juzi hajui unasema nini. Ukichora ramani yako andika tarehe chini, na jina la zamani liweke dogo kwenye mabano miaka miwili mitatu hivi.

Mswahili_wa_Ilford

Kuhusu maji, London walijaribu kuuondoa mto mwaka 2009 wakisema wanapunguza msongamano kwenye ramani. Watu walipiga kelele, meya mwenyewe wa wakati ule Boris Johnson akaingilia, na toleo lililofuata mto ukarudi. Mto hauhitajiki kupanda treni hata siku moja, lakini watu wanajielekeza kwa mto: niko kusini ya mto, niko kaskazini. Dar nadhani ni bahari na bandari. Bila hivyo mtu hajui Kurasini iko wapi na Ubungo iko wapi.

Ila niwape na ubaya wa mtindo wa Beck maana naona mnamsifia tu. Leicester Square na Covent Garden ni kama mita 260 tu, kwenye ramani nafasi ni sawa na vituo vingine, wageni kila siku wanalipa nauli na kushuka ngazi kwa safari ambayo kutembea ni rahisi zaidi. Na kuna Queensway na Bayswater, laini tofauti kwa hiyo kwenye mchoro kila moja na lake, ukweli ziko mtaa mmoja, kutembea ni dakika chache mno. Anayesoma ramani atazunguka abadilishe treni. Ilibidi baadaye watoe ramani nyingine rasmi yenye dakika za kutembea kati ya kituo na kituo.

Mpima_Ardhi

Asante sana wa Ilford, nilikuwa nasubiri mtu aseme. Mimi ni mpima, msimamo wa mleta uzi siukubali. "Umbali unaruhusiwa kuudanganya", ruhusa katoa nani? Mtu wetu wa kawaida akishuka treni hamalizi safari pale, anatembea, anachukua bodaboda, na bodaboda inalipwa kwa umbali. Ukimwonyesha Mabibo na Ubungo kana kwamba ziko mbali sawa na TAZARA na Mwakanga umemwibia. New York walipata ramani ya namna hiyo 1972, ya Massimo Vignelli, nzuri kama mapambo, Central Park wameichora mraba na ya kijivu wakati ni mstatili mrefu na ni bustani ya kijani, maji wameyapaka rangi ya mchanga. Watu wakatoka stesheni wanatembea kwa kuifuata wanapotea. 1979 ikaondolewa, wakaleta ya Michael Hertz inayofuata mitaa na bustani, ikakaa miongo zaidi ya minne. Hiyo ndiyo hukumu ya wananchi.

Mchora_Reli

Mkuu umeishia 1979, endelea na hadithi. Aprili 2025 hao hao New York wametangaza ramani mpya na imerudi kwenye mtindo wa mchoro, mistari imenyooka, rangi zimekolea, kila treni na mstari wake. Sasa hukumu ya wananchi ni ipi?

Vignelli hakuponzwa na kunyoosha mistari. Aliponzwa na kuchora BUSTANI. Ukichora bustani kwenye mchoro wako umemwahidi msomaji kuwa hii ni ardhi, basi ataitembelea kama ardhi. Na kuna vituo aliviweka upande usio wake wa kituo kingine, hilo hata mimi nasema ni kosa, mashariki na magharibi usizigeuze. Usichore barabara, usichore bustani, usichore shule. Maji kidogo basi.

Mpima_Ardhi

Kwa hiyo barabara ya Mandela usichore? Mtu wa Dar bila Mandela na Nyerere hajui yuko wapi. Bahari tunaiona kwa wikiendi. Stesheni ya TAZARA watu wanaijua kwa sababu ya makutano ya Mandela na Nyerere pale flaiova. Toa hizo barabara uone kama kuna mtu ataisoma ramani yako.

Dada_Kipunguni

Hapa naungana na mpima. Mimi nauliza daladala zipo? Maana nikishuka TAZARA natafuta gari.

Mchora_Reli

Haya, Mandela na Nyerere zinaingia, kijivu hafifu, chini ya kila kitu, bila mpaka, na zimenyooshwa digrii zilezile za reli. Hakuna barabara ya tatu. Mkianza na Uhuru na Kawawa tutaishia kwenye ramani ya setilaiti tuliyoikimbia.

Mpima_Ardhi

Kawawa siidai. Ila skeli ntaendelea kuidai.

Pikseli

Ngoja niweke mambo ya mkono maana tunabishana na mchoro bado. Natumia Inkscape ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye laptop iliyochoka.

Kwanza andika vituo kwenye karatasi, mfuatano tu, na namba. Usifungue programu kabla. Halafu chukua reli kutoka OpenStreetMap (ramani huru ya mtandaoni), au ifungue OpenRailwayMap (ya reli tupu) uone njia zilivyo, iweke kama picha chini kabisa, ififishe, ifunge isisogee. Kalamu ukishika kitufe cha Ctrl mstari unaruka digrii 15 15, kwa hiyo 45 unaipata bila kubahatisha. Chora laini yenye vituo vingi kwanza ikae imenyooka kadiri inavyowezekana, hiyo ndio uti wa mgongo, zingine zitaizunguka. Wengi wanaanza na pembe ya juu kushoto kwenda kulia kama wanaandika barua, wakifika mwisho hawana nafasi.

Unene wa mstari ndio kipimo chako cha kila kitu. Mimi mstari ukiwa 8, kijiti cha kituo kinatokeza nje ya mstari kama nusu ya hapo, na maandishi urefu wa herufi ndogo haupungui unene wa mstari. Ukishika uwiano huo hata ukipunguza mchoro uingie kwenye simu bado unasomeka, ama vyote vinasomeka ama vyote havisomeki, hakuna kinachobaki nyuma.

Kona za mistari iliyoongozana ni pale amateur anapojulikana. Kama laini tatu zinapinda pamoja usizipe zote mkunjo uleule, zitaachana katikati ya kona. Ya nje mkunjo wake ni wa ndani kuongeza unene wa mstari. Ya ndani 20, ya kati 28, ya nje 36. Basi zinalala kama nyaya. Nairobi Central kwenda Makadara ndio utahitaji hii.

Majina yalale. Usiyainamishe isipokuwa umekwama kabisa, na ukiinamisha moja kwenye laini iliyolala inamisha yote. Jina lisikatwe na mstari. Majina yetu ni marefu, "Barabara ya Kitunda" sio "Bank" ya London, kwa hiyo laini yenye majina marefu isimamishe wima majina yakae kulia. TAZARA hadi Mwakanga isimame wima, nakwambia mapema, ukiilaza utalia.

Mchora_Reli

Ila ardhini inakwenda kusini magharibi.

Pikseli

Ishuke wima halafu mwishoni ipige 45 kushoto kwa vituo viwili vitatu. Mtu ataelewa inaelekea bara.

Babu_wa_Relini

Na rangi je? Mnapaka tu.

Pikseli

Babu rangi ni kesi yake. Wanaume wengi tu hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, wengine wenyewe hawajui. Na mchoro wetu utaishia kwenye fotokopi, mtu atauprinti stationary nyeusi na nyeupe ubandikwe ukutani. Kwa hiyo kila laini iwe na herufi mwanzoni na mwishoni ndani ya kiduara, na rangi zitofautiane kwa ukolevu na sio aina tu. Jaribio langu: geuza faili lote kijivu. Kama laini mbili zimefanana, badilisha moja. Bluu nzito na machungwa hafifu hazigombani. Nyekundu na kijani za kiwango kimoja zinageuka kitu kimoja.

Deira_Boy

Huku wamejiita Nyekundu na Kijani na ndio hizo hizo mbili hahaha.

Dada_Kipunguni

Na asiyejua kusoma? Kituoni kwetu bibi zetu wapo wanauliza "hapa ni wapi" kila treni ikisimama.

Mswahili_wa_Ilford

Mexico City walilifikiria hilo walipofungua metro yao 1969. Kila stesheni ina picha yake, walichora kina Lance Wyman, Chapultepec ina panzi kwa mfano. Mtu anaambiwa shuka kwenye panzi. Hadi leo zipo na wasomi nao wanazitumia.

mtu_wa_githurai

Hiyo nimependa. Githurai tuwekewe nini, tunguja ama kibanda cha mitumba?

Dada_Kipunguni

Dar tayari majina yenyewe ni picha 😂 Ubungo Maziwa pakiti ya maziwa, Kwa Fundi Umeme taa ya balbu. Sigara sasa ndio sijui, wizara ya afya watatukamata.

Mchora_Reli

Sigara chora moshi wa treni tuwapoteze maboya. Ila wazo ni zito, sio utani. Nitaacha nafasi ya kiduara kabla ya kila jina, tutajaza taratibu. Kila mtu wa kituo alete picha ya kitu ambacho ukishuka unakiona kweli, kisichohamishika. Usilete duka la mtu, kesho limefungwa, turudi kwenye yale ya Deira_Boy ya majina ya makampuni.

Babu_wa_Relini

Kurasini mnaichora? Reli ya TAZARA inafika huko.

Mchora_Reli

Kwenye mchoro wa reli ndiyo, kwa kilometa zako babu ukinipa. Kwenye wa abiria hapana, mpaka mtu aje hapa aniambie kapanda treni ya abiria pale na lini.

Mpima_Ardhi

Na SGR hadi Pugu utaiweka? Ni ya mbali lakini Pugu ni ya mjini kabisa siku hizi.

Mchora_Reli

Naiweka nyembamba, Dar na Pugu, kisha mshale "Morogoro, Dodoma". Bila vituo vya mbele, hiyo si treni ya mjini. Na Pugu ya SGR na Pugu ya reli ya zamani zinakuwa alama mbili mpaka mtu wa Pugu aje aseme kutembea kutoka moja kwenda nyingine kukoje.

mtu_wa_githurai

Nairobi naanza nayo kesho kwa jirani yangu, ako na laptop. Pikseli nitumie hiyo faili ya vijiti na viduara tusichore kila mtu saizi yake.

Pikseli

Nakutumia SVG. Usiifungue kwenye Word tafadhali. Tabaka ziko nne: maji, barabara, laini, majina, usizichanganye. Fonti nimetumia ya bure ili ukifungua kwako majina yasihame, na chini kulia kuna sehemu ya tarehe na namba ya toleo, ibadilishe KILA ukigusa kitu.

Dada_Kipunguni

Nimeuliza nyumbani, kati ya Yombo na Maputo kuna Chimwaga, niliiruka. Muweke.